Leseni iliyofungiwa Uingereza kwa sababu ya pombe: namna ya kuipata tena, hatua kwa hatua

Kwa wengi wetu tunaoishi Uingereza, leseni ndiyo ugali wa watoto. Anayehudumia wazee majumbani hawezi kufika kwa wagonjwa sita asubuhi moja kwa basi, na anayeingia zamu alfajiri kwenye ghala lililo nje ya mji hana basi kabisa. Ndiyo maana inaniuma kuona mtu ameshamaliza adhabu yake, kisha anakaa miezi mingine mitatu minne nyumbani kwa sababu alidhani siku ya mwisho ikifika leseni itajirudia yenyewe.

Hairudi. Ukifungiwa siku 56 au zaidi, leseni uliyokuwa nayo ndiyo imekwisha, na ni lazima uombe upya. Tena maandalizi ya ombi hilo huanzia ndani ya mahakama, siku ile ile ya hukumu. Ninayoeleza hapa yanahusu England, Wales na Scotland, ambako leseni zinashughulikiwa na DVLA, ofisi iliyoko Swansea. Ireland ya Kaskazini ina mamlaka yake na utaratibu wake.

Hatua ya 1: Siku ya mahakama

Usiende ukiendesha. Kufungiwa huanza pale pale hakimu anapotamka, na kulitoa gari kwenye maegesho ya mahakama kwenda nalo nyumbani tayari ni kosa jipya. Nenda kwa treni, au mtu akupeleke.

Kosa la kuendesha ukiwa umezidi kiwango cha pombe lina kima cha chini: miezi 12. Kama umewahi kuhukumiwa kwa kosa la namna hiyo ndani ya miaka 10 iliyopita, kima cha chini ni miaka 3. Juu yake kuna faini, na kesi ikiwa nzito, jela hadi miezi 6. Hakimu akikubali sababu za pekee anaweza kupunguza, lakini usijenge matumaini yako hapo.

Muda hutegemea sana kipimo. England na Wales kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi. Scotland walikishusha hadi 22 mwezi Desemba 2014. Katika mwongozo wa mahakimu wa England na Wales, pumzi ya 36 hadi 59 huleta miezi 12 hadi 16. 60 hadi 89, miezi 17 hadi 22. 90 hadi 119, miezi 23 hadi 28. Na 120 kwenda juu, miezi 29 hadi 36. Namba yako imo kwenye nyaraka za kesi, ilipopimwa kituo cha polisi. Itafute na uihifadhi, kwa sababu ndiyo itakayoamua pia kama utapelekwa kwa daktari baadaye.

Sasa sikiliza kwa makini jambo moja. Ukifungiwa miezi 12 au zaidi, mahakama inaweza kukupa nafasi ya kuhudhuria kozi ya madereva waliokamatwa na pombe. Ukiimaliza, muda wako hupungua, kwa kawaida kwa robo. Swali hili huulizwa kwa haraka, mwishoni, wakati kichwa chako kimejaa faini na aibu. Jibu ndiyo. Ni lazima ukubali hapo hapo mahakamani, huwezi kurudi wiki inayofuata kusema umebadili mawazo. Kukubali hakukufungi: usipohudhuria, unatumikia muda wote kama ulivyopangwa mwanzo, basi.

Wapo wanaokosa nafasi hii kwa sababu hawakuelewa Kiingereza cha mahakamani na waliona haya kusema. Mahakama hutafuta mkalimani wa Kiswahili bila kukutoza, mradi uliomba mapema. Kununua maziwa dukani kwa Kiingereza ni jambo moja, kufuata hukumu inayosomwa kwa kasi ni jambo jingine kabisa. Omba. Na kama huna wakili, uliza wakili wa zamu aliyepo siku hiyo; kosa hili linaweza kuleta kifungo, kwa hiyo anaruhusiwa kukusaidia bila malipo.

Kabla hujatoka, hakikisha unazo kwa maandishi tarehe ya mwisho ya kufungiwa, tarehe ya mwisho ya kumaliza kozi, na kama umeamriwa kufanya mtihani upya. Walioamriwa mtihani huanza na leseni ya mwanafunzi, kisha mtihani wa nadharia, kisha wa barabarani. Mara nyingi huo wa barabarani huwa ni ule mrefu, wa karibu dakika 70.

Hatua ya 2: Jua uko kundi gani

DVLA wana kundi wanaloliita la madereva wa hatari kubwa. Aliye nje ya kundi hili hujaza fomu, hulipa na husubiri. Aliye ndani hapewi leseni mpaka apimwe na daktari waliyemwidhinisha wao. Unaingia kundi hili kwa lolote kati ya haya: pumzi yako ilikuwa 87.5 au zaidi, au damu ilikuwa na miligramu 200 au zaidi katika mililita 100, au mkojo miligramu 267.5 au zaidi. Umehukumiwa mara mbili kwa makosa ya pombe ndani ya miaka 10. Au ulikataa kutoa sampuli.

Hilo la mwisho lina kilio cha pekee. Kuna ushauri unaozunguka kwenye sherehe zetu kwamba polisi wakikusimamisha, kataa kupuliza, watakosa ushahidi. Aliyekuambia hivyo amekuponza. Kukataa kutoa sampuli ya ushahidi, ile inayochukuliwa kituo cha polisi, ni kosa linalojitegemea, linafungiwa sawasawa na lile la kuzidi kiwango, na linakutupa moja kwa moja kwenye kundi la hatari kubwa hata kama ulikunywa bia moja.

Hatua ya 3: Kozi

Kozi ni ya saa 16, huwa imegawanywa siku tatu zilizoachana kwa wiki. Unalipa mwenyewe, hadi pauni 250. Kwa aliyekwishalipa faini, fedha hizo ni nyingi. Zitafute hata hivyo. Piga hesabu: miezi mitatu ya nauli na zamu ulizozikosa itazidi hapo mara nyingi.

Tuseme umefungiwa miezi 12 kuanzia tarehe 10 Machi. Robo ikipunguzwa, unakuwa huru tarehe 10 Desemba. Lakini kozi lazima iwe imekwisha angalau miezi miwili kabla ya tarehe hiyo mpya, yaani mwanzoni mwa Oktoba. Nafasi nazo hujaa. Anayesubiri hadi Septemba kupiga simu anajitafutia balaa. Piga wiki ile ile barua ya kozi inapokufikia, na uchague tarehe ambazo unaweza kupata ruhusa kazini, kwa sababu kukosa siku moja kunaweza kukugharimu kozi nzima.

Ukimaliza, waendeshaji wanakupa cheti na wanapeleka nakala mahakamani, nayo mahakama inawaarifu DVLA. Cheti chako kiweke mahali salama. Ukikaribia tarehe yako mpya bila kusikia lolote, hicho ndicho cha kuonyesha.

Kozi si ya kukemewa. Kitu chenye faida kubwa utakachotoka nacho ni namna ya kuhesabu uniti, yaani kipimo cha pombe kinachotumika Uingereza. Chukua mililita za kinywaji, zidisha kwa asilimia yake ya pombe, gawa kwa 1000. Kopo la bia la mililita 500 lenye asilimia 5 ni uniti 2.5. Chupa ya mvinyo ya mililita 750 yenye asilimia 13 inakaribia uniti 10. Wiski ya asilimia 40 mwenye nyumba anayokumiminia bila kupima, ikifika mililita 100, ni uniti 4 kwenye glasi moja. Mwili huondoa takriban uniti moja kwa saa, na si kahawa, si supu, si kuoga maji baridi kunakoharakisha. Sasa fikiria harusi ya Jumamosi: makopo manne, uniti 10, umelala saa saba usiku. Saa kumi na mbili asubuhi unapowasha gari kwenda zamu ya Jumapili, pombe bado imo. Nina hakika wengi waliokamatwa asubuhi hawakujiona kuwa wamelewa, na hilo ndilo linalowaumiza.

Hatua ya 4: Miezi ya kusubiri

Usiendeshe hata kidogo. Kuendesha ukiwa umefungiwa kunaweza kukupeleka jela hadi miezi 6 na kuongezewa muda wa kufungiwa. Na hapa niseme wazi kwa ndugu zangu wenye leseni za Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo: leseni hiyo haikuokoi. Mahakama imekufungia wewe kuendesha kwenye barabara za Uingereza, haikufungia kadi. Ukisimamishwa na leseni ya Nairobi mkononi, wewe ni dereva aliyefungiwa, na bima yoyote uliyokata kwa leseni hiyo haitakusaidia.

Gari nalo lina mambo yake. Likibaki limeegeshwa nje ya nyumba lazima liwe na bima, hata kama haliguswi. Ukitaka kuacha kulipa bima na kodi ya barabara, liondoe barabarani, liweke kwenye uwanja wako au mahali pa binafsi, na uwaarifu DVLA kwa tamko linaloitwa SORN. Watu hupigwa faini kwa hili wakiwa hata gari hawaligusi.

Ukihama, waandikie DVLA anwani mpya. Fomu ya kuomba leseni hutumwa kwenye anwani waliyo nayo kwenye kumbukumbu, na katika maisha yetu ya kuhama vyumba hiyo ndiyo sababu ya kawaida kabisa ya kuchelewa.

Kama ulifungiwa muda mrefu, kuna mlango mwingine. Unaweza kuiomba mahakama iliyokuhukumu ikuondolee adhabu mapema: baada ya miaka 2 kama ulifungiwa chini ya miaka 4, baada ya nusu ya muda kama ni kati ya miaka 4 na 10, na baada ya miaka 5 kama ni 10 au zaidi. Si haki ya moja kwa moja. Hakimu atataka kuona ulivyobadilika, kwa hiyo barua ya mwajiri, ya kanisa au msikiti, ya huduma ya pombe uliyohudhuria, zote zina uzito.

Hatua ya 5: Fomu

Kwa dereva wa kawaida DVLA hutuma fomu ya D27 siku 56 kabla ya muda kwisha. Kwa wa kundi la hatari kubwa ni D27PH, siku 90 kabla. Isipofika, usikae kimya. Wapigie DVLA, au chukua fomu ya D1 kwenye posta zinazozitoa. Kwa malori na mabasi ni D2. Ada ni pauni 65 kwa wa kawaida na pauni 90 kwa wa kundi la hatari kubwa, na gharama ya daktari ni ya ziada, unalipa mwenyewe.

Rudisha fomu mara moja. Hapa ndipo siku hizo 90 zinapookoa mtu au zinapompotea: kupanga miadi ya daktari, kupima damu, kusubiri majibu na uamuzi huchukua wiki nyingi, na ukianza siku ya mwisho wiki hizo zote unazikaa kwa miguu.

Dereva wa kawaida ambaye muda wake umekwisha na DVLA wamepokea ombi lake kamili anaweza kuruhusiwa kuendesha wakati kadi inatengenezwa, chini ya kifungu cha 88 cha sheria ya barabara, mradi hana tatizo la kiafya linalomzuia na anatimiza masharti mengine ya kifungu hicho. Wa kundi la hatari kubwa aliyehukumiwa tangu tarehe 1 Juni 2013 hana ruhusa hiyo. Anasubiri mpaka leseni itoke.

Hatua ya 6: Daktari

Hii ndiyo hatua inayowaangusha watu, na wengi huanguka kwa sababu wanadhani wanachunguzwa kwa usiku ule waliokamatwa. Daktari anaangalia unavyokunywa sasa. Utajaza maswali kuhusu afya yako na pombe, utapimwa mwili, na utatolewa damu. Nenda na pasipoti.

Damu hupimwa kitu kinachoitwa CDT. Ni aina ya protini ambayo huongezeka kwa mtu anayekunywa sana kwa wiki kadhaa mfululizo. Ikiwa asilimia 2.2 au chini, upande wa damu njia ni nyeupe. Ikiwa 3 au zaidi, tegemea kunyimwa. Katikati ya hapo, DVLA hutazama na mambo mengine, pamoja na historia yako. Hakuna chai, juisi, dawa ya kienyeji wala maji mengi yanayoishusha. Inashuka kwa kutokunywa, na inashuka polepole, kwa wiki. Aliyeacha pombe siku tatu kabla ya miadi hajafanya lolote.

Kwa hiyo mpango wa kweli ni wa miezi. Kwa leseni ya gari dogo, mtu aliyeonekana anatumia pombe vibaya hutakiwa kuonyesha angalau miezi 6 ya kuacha au kunywa kwa kiasi kilichodhibitiwa, na damu iliyorudi kawaida. Aliyekuwa mtegemezi wa pombe hutakiwa mwaka mzima bila kunywa. Kwa malori na mabasi ni mwaka 1 na miaka 3. Ushauri wa afya wa Uingereza ni kutozidi uniti 14 kwa wiki, lakini kama leseni yako iko mezani, mimi ningekuambia uache kabisa mpaka uishike mkononi.

Tahadhari kubwa: kama unakunywa sana kila siku, na asubuhi unatetemeka mpaka upate kidogo, usiache ghafla peke yako chumbani. Kukatisha ghafla kunaweza kuleta degedege na hata kuua. Nenda kwa GP wako, yaani daktari wa mtaani unakojiandikisha, umwambie wazi. Huduma za kusaidia watu wenye tatizo la pombe zipo kila eneo, ni za bure, na nyingi unaweza kuzipigia mwenyewe bila barua ya daktari. Tunaona haya kutamka neno mlevi mbele ya mganga, na haya hiyo inatuzika.

Kuhusu kujibu maswali: daktari akikuuliza unakunywa kiasi gani, usijibu "kidogo tu". Kidogo kwako na kidogo kwake havifanani, naye anaandika unachosema kisha anakilinganisha na damu. Jibu kwa uniti: "Sijanywa tangu Juni," au "Makopo mawili Jumamosi, ni uniti 5, siku nyingine sinywi." Na usidanganye kwenye fomu. Kutoa taarifa za uongo ili upate leseni ni kosa la jinai, na DVLA wanaweza kuomba taarifa kwa GP wako.

Ukinyimwa, barua itaeleza sababu. Unaweza kukata rufaa: England na Wales ndani ya miezi 6 kwenye mahakama ya mahakimu, Scotland ndani ya siku 21 kwenye mahakama ya sherifu. Lakini kama CDT ilikuwa juu kweli, rufaa itakula fedha bure. Tumia muda huo kuacha pombe, kisha omba tena.

Hatua ya 7: Leseni imefika, sasa bima

Kosa hubaki kwenye rekodi yako ya DVLA kwa miaka 11 tangu hukumu, kwa alama ya DR10 kwa aliyezidi kiwango, au DR30 kwa aliyekataa sampuli. Kampuni za bima kwa kawaida huuliza makosa ya miaka 5 iliyopita. Jibu ukweli, na jiandae kwa bei itakayokushtua. Zipo kampuni na madalali wanaoshughulika na madereva wenye hukumu, kwa hiyo uliza wengi kabla hujalipa. Gari dogo lenye injini ndogo linasaidia kuliko kubembeleza.

Kuna njia ya mkato utakayoshauriwa: andikisha bima kwa jina la mke au shemeji kama dereva mkuu, wewe jiweke wa pili, ilhali gari ni lako na unaliendesha kila siku. Huo ni udanganyifu. Ajali ikitokea kampuni inaweza kukataa kulipa, mke naye anabaki na doa, na wewe unaweza kushtakiwa kwa kuendesha bila bima ukiwa hujamaliza hata mwaka tangu leseni irudi.

Dereva wa teksi asidhani leseni ya DVLA inamrudisha kazini. Halmashauri iliyompa kibali cha teksi ina masharti yake, mara nyingi ya miaka mingi zaidi, kwa hiyo uliza kabla hujanunua gari. Mhudumu wa wazee naye asome mkataba wake: waajiri wengi hutaka kuarifiwa mara tu hukumu inapotoka, na mtu hufukuzwa kwa kuficha wakati kosa lenyewe lingevumilika. Na yeyote anayekusudia kuomba uraia wa Uingereza ajue kwamba fomu inauliza kuhusu hukumu za jinai, na hii ni mojawapo. Iandike, na tarehe yake, na muda uliofungiwa, kama ilivyo kwenye karatasi ya mahakama uliyoihifadhi.